Tufe la Mpingo

Wasifu wa Mama Nyangeta ulisomwa na mjukuu wake, na ulikuwa mfupi, kama wasifu wa watu waliofanya kazi sana. Alizaliwa hapa hapa Buswahili, akabatizwa, akaolewa, akapika kantini ya kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, akastaafu, akarudi kulima. Miaka yote ya kantini ilipewa sentensi moja, nami nikaona sentensi moja inanitosha kabisa. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, safu ya pili, upande wa akina mama wazee, ambao siku hizi ndio upande wangu, nipende nisipende. Kisha mwongoza ratiba akaita salamu za rambirambi kutoka Musoma, akainuka mwanamke mrefu mwenye fimbo, nikamtambua kabla hajataja jina. Adelina wa Nyakato. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka arobaini iliyopita, akitoka mlangoni Bunda na tufe letu kifuani. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, lakini tusimfanye malaika. Akasema mwaka ule wa ukame Mama Nyangeta alichukua msasa akalikwangua tufe la bolingi la wanawake mpaka likawa kama kisigino cha mchunga ng'ombe, akanyang'anywa ufunguo wa ukumbi, na Musoma nzima ikamcheka. Waombolezaji nao wakacheka, kile kicheko cha msibani ambacho huja kama pumzi. Adelina hakucheka. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, kisha akakaa na kukivuta kikapu chake katikati ya miguu. Mwongoza ratiba akauliza kama kuna rafiki mwingine wa marehemu mwenye neno.

Mama Nyangeta hakuwahi kulikwangua tufe lile. Nililikwangua mimi.

Niseme kwanza habari za ukumbi, maana vijana wa Bunda wakisikia mjini kwao kulikuwa na bolingi wanadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Fundi mkuu mmoja wa mitambo, mgeni aliyeondoka kabla sijafika, aliona jioni za Bunda ni ndefu mno. Ndani ya ukumbi wa klabu ya wafanyakazi akatengeneza njia ya mbao, zimelazwa kwa urefu na kubanwa mpaka huoni mwanya, na mifereji miwili pembeni ya kupokea matufe ya wasiojua kulenga. Mwisho wa njia zilisimama pini kumi, na kazi ya mchezaji ilikuwa kuviringisha tufe liziangushe. Rafiki yake wa Musoma akajenga njia kama hiyo, na kila mwaka klabu hizo mbili zikawa zinashindana. Wanaume walikuwa na matufe yao manne. Sisi wanawake tulikuwa na moja tu kwa klabu zote mbili, la mpingo, alilochongewa mke wa fundi yule. Lilikuwa jepesi kidogo, na matundu yake matatu yalitosha vidole vya mwanamke. Kwa hiyo hatukuwa na haja ya kombe. Siku ya mashindano timu zote mbili zilitumia tufe hilo hilo, na walioshinda walibaki nalo mwaka mzima, na walioshindwa walikaa mwaka mzima bila kucheza. Nilipofika mimi lilikuwa Bunda kwa mwaka wa tatu mfululizo, likilala jikoni kwa Mama Nyangeta juu ya kata ya majani ya migomba, kama chungu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa kupiga chapa kwa mkataba wa mwaka mmoja, na nilipewa chumba nyuma ya kantini kwa sababu vyumba vizuri vilikuwa vya wenye vyeo. Nashukuru mpaka leo. Ukuta kati ya chumba changu na jiko haukufika juu, kwa hiyo nilisikia kila kitu: mwiko ukigonga sufuria, redio ya mtunza stoo, na mazungumzo ya wanawake waliokuja kuchambua mchele na kuwachambua waume zao. Nilijua nani anajenga kwa siri na nani amerudi kanisani baada ya kuumwa. Jiko lenyewe lilikuwa jeusi hadi darini, na vumbi la pamba lilikuwa limeshika kwenye nyavu za madirisha hivi kwamba mwanga uliingia umechoka. Mama Nyangeta alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya kufinyanga, maana kwao walikuwa wafinyanzi tangu zamani. Hakuwa na maneno matamu. Siku yangu ya kwanza aliniwekea ugali wa muhogo na mtama, samaki wadogo wa ziwani, furu, wa kukaangwa na maziwa ya mgando, akanitazama nikila, akasema karani mwembamba hivi hata taipureta itamrudisha nyuma. Jumamosi ile ile akanipeleka ukumbini. Ufunguo aliuning'iniza shingoni kwa uzi wa gunia. Alikuwa ameuomba kwa kamati ya klabu miaka mitatu, na tangu wampe, kila Jumamosi mchana ukumbi ulikuwa wetu, wanawake sita au saba, vikwapa vimelowa, tukitupiana maneno. Sijapata tena mahali nilipocheka hivyo.

Alinifundisha kutupa. Hukulirusha tufe, ulilitua, na mwishoni mkono ukalizungusha kidogo ili likifika karibu na pini ligeuke lenyewe na kuingia kwa ubavu. Lilikuwa jambo zuri kuliona. Tufe lilikwenda moja kwa moja, zuri, jeusi, kama halina habari na mtu, halafu dakika ya mwisho likakumbuka. Siri ya mwendo ule ilikuwa mafuta. Kila Jumamosi asubuhi mtu wa klabu alipitisha gunia lililochovywa mafuta ya pamba kwenye mbao, tufe likateleza juu yake mpaka karibu na mwisho, ambapo mafuta yaliachwa, na hapo ndipo lilipopata pa kushika.

Mwaka ule mvua haikuja. Pamba iliyoletwa ilikuwa kidogo hivi kwamba mashine zilinyamaza mapema, na mtambo wa kukamua mbegu haukuwashwa kabisa. Mafuta machache yaliyobaki yaligawiwa kwa wafanyakazi, ya kupikia, na hakuna mwenye akili zake ambaye angemwaga kikombe kwenye mbao wakati watoto wanakula mboga ya kuchemsha. Njia ikakauka. Ukiipitishia kiganja ilikukwaruza. Na tufe letu likaanza vituko. Liligeuka mapema, katikati ya njia, likatambaa, likafika kwenye pini limechoka, likagusa mbili tatu na kulala. Mashindano yalikuwa yamebaki wiki mbili, nyumbani kwetu. Mama Nyangeta alikaa ukumbini baada ya wengine kuondoka, mikono magotini, akilitazama tufe kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa. Nilimpenda sana yule mama. Nikaamua kumtibia mtoto.

Hapa ndipo ujuzi wangu wote wa nyumbani ulipoingia kazini. Nimekulia kwenye jiwe la kusagia. Jiwe likitumika sana huwa laini, ulezi unateleza juu yake na kutoka mzima, na hapo mama anakaa chini na kijiwe kigumu, analigonga gonga uso mzima mpaka lirudishe meno. Kila msichana wa kwetu alijua: kitu kisichouma kimepotewa na meno. Nami nikaliangalia tufe lile linalong'aa kama kiatu cha askari, linalofika kwenye pini bila kuuma, nikaona ugonjwa uko wazi kabisa. Nilishangaa wakubwa hawauoni. Jumapili, watu wakiwa ibadani, nilidanganya tumbo linaniuma, nikaenda karakana ya seremala nikachukua karatasi mbili za msasa mkali, nikalipakata tufe kitandani kwangu, nikasugua. Nilisugua kwa upendo, Mungu ananiona. Mpingo ulitoa unga mweusi, laini, wenye harufu nzuri, na mwisho wa ibada tufe lilikuwa la kijivu. Nikalirudisha kwenye kata yake na kulifunika kwa kitenge, nikisubiri kushukuriwa.

Jumanne jioni kamati yote ilikuja kuona mazoezi, na mwenyekiti, Bwana Marwa, akakaa mbele. Ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi yetu pia, na mkataba wangu wa kuendelea ulikuwa mezani kwake ukisubiri kalamu. Mama Nyangeta akafunua kitenge. Nilimwona akisimama kidogo, akalipapasa tufe, akaenda kutupa. Halikufika hata nusu. Liliuma mbao pale pale lilipotua, likageuka kushoto kwa hasira, likaanguka mferejini kwa kishindo. Akatupa tena, likaenda huko huko. Bwana Marwa akaja, akaliokota, akalipitisha kwenye kiganja. Akauliza nani amelifanya hivi. Tulikuwa saba mle, na nakumbuka nilihesabu misumari kwenye kizingiti cha mlango. 

"Ni mimi," Mama Nyangeta akasema. "Nilikuwa najaribu kitu."

Bwana Marwa hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alisema mali ya klabu haijaribiwi, akanyoosha mkono, na Mama Nyangeta akauvua ule uzi shingoni. Ulinasa kwenye kilemba chake, ikabidi auvute mara mbili. Ufunguo ukaenda kwa mtunza stoo, na kuanzia siku ile wanawake walihitaji ruhusa ya maandishi kuingia ukumbini. Mimi ndiye niliyeipiga chapa karatasi ya amri hiyo.

Nilipokwenda kula alikuwa amenitengea kama kawaida. Nilikaa. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, na chini ya kucha zangu ulikuwapo ule unga mweusi, siku mbili nzima sikuwa nimeuona. Yeye aliuona. Aliangalia kucha, akaangalia uso wangu, akasogeza bakuli. "Kula," akasema, "dagaa wanapoa." Nikala. Ningekuwa na roho ningesema pale pale, watu wawili tu jikoni, lakini nilikuwa nawaza mkataba, na baada ya mkataba niliwaza aibu. Aibu ni kama deni la chumvi kwa jirani, ukichelewa siku ya kwanza unaanza kupita njia nyingine.

Siku zilizofuata likatokea jambo ambalo sikulitarajia: nikalizoea lile tufe bovu. Kwa ruhusa ya maandishi nilitupa kila jioni, nikagundua kwamba ukisimama ukingoni kabisa kulia na kulitupa kwa nguvu kama unalifukuza, lilikata njia nzima na kuangukia kwenye pini. Nilianza kuangusha saba, nane. Bwana Marwa alinitazama, akafurahi, akaenda jikoni kumwambia Mama Nyangeta kwamba kosa lake limegeuka baraka: tuliache hivyo hivyo. Wageni wamezoea tufe laini, watalitupa kama walivyozoea na litawaingiza mferejini wote. Tutabaki nalo mwaka wa nne. Nilikuwa chumbani, nikasikia kila neno juu ya ukuta. Nilisikia pia mwiko ukiwekwa chini.

"Mgeni unampaga kiti kizima, Bwana Marwa," akasema. "Hata kama wewe utakaa chini."

Akaniita. Akasema nishike upande mmoja. Siku nne, kila baada ya chakula cha mchana, tulikaa kwenye baraza ya jikoni na tufe kati ya magoti yetu. Hakutumia karatasi yangu. Aliagiza majani ya mti wa msasa kutoka kwao, yale makavu yenye uso kama ulimi wa ng'ombe, nasi tukalisugua nayo kwa maji, polepole, kwa duara, mpaka mikwaruzo ikaanza kuzama. Majani yakichakaa tulichukua yaliyochakaa zaidi, yasiyoacha alama. Kisha akatoa kwenye fundo la kanga kijiwe cha ziwani, kirefu kama kidole gumba, chenye uso usio na tundu wala mstari. Kilikuwa cha mama yake, cha kung'arishia vyungu kabla ya kuchomwa. Alikikandamiza kwenye mpingo na kukivuta, akakivuta tena, na pale kilipopita rangi nyeusi ikarudi. Alinipa na mimi. Mwisho tukapaka nta ya nyuki na kuifuta kwa vitambaa mpaka vikaisha. Siku ya nne, bila kunitazama, ndipo akasema lile neno moja ambalo nimeishi nalo.

"Jiwe la kusagia linatakaga meno, maana kazi yake ni kuuma. Hili kazi yake ni kufika. Njia ikiwa kavu, ndiyo ulilainishe zaidi. Ukilipa meno linauma njiani."

 Nilisugua tu, machozi yakidondokea kwenye mpingo, akayafuta kwa kile kitambaa cha nta kana kwamba ni sehemu ya kazi. Palibaki mkwaruzo mmoja, kati ya matundu mawili ya juu, mahali pembamba ambapo msasa wangu ulichimba. Niliomba kijiwe nipamalizie. Akakirudisha kwenye fundo la kanga na kusema hapo patakaa hivyo hivyo.

Jumamosi Adelina na wenzake walifika na gari la klabu yao, wakala pilau kwetu, wakaingia ukumbini. Tufe lilikwenda kwenye mbao zile kavu kama siku za mafuta. Lilikwenda, likanyamaza, likakumbuka. Mama Nyangeta alitupa vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Lakini nasi tulikuwa tumelitengeneza kwa wote, na Adelina alikuwa na mkono wa baraka. Wakatuzidi pini nne. Mimi, niliyekuwa bingwa wa tufe bovu, kwa tufe zima niliangusha chache kuliko wote. Mama Nyangeta alilifuta kwa kitenge chake, akalikabidhi kwa mikono miwili, kisha akamvuta Adelina pembeni kwa maneno fulani, na nikaona ile kanga ikifunguliwa. Kijiwe cha mama yake kikaenda Musoma pamoja na tufe. Usiku ule hakuna aliyenilaumu, na nililala vibaya.

Mkataba wangu ulitiwa saini. Mwaka uliofuata mashindano hayakufanyika, wala mwaka wa pili, na mbao za Bunda zikang'olewa kutengenezea rafu za stoo. Mimi nikahamia ofisi nyingine, nikaolewa, nikazaa, nikahamia Kigera, nikafiwa na mume. Kila Krismasi nilikwenda Buswahili na sukari na kitenge, nikala jikoni kwa Mama Nyangeta, tukacheka habari za kantini zote isipokuwa moja. Nilikuwa na Krismasi arobaini za kusema. Kila mara nilijiambia anajua, ya nini kuchimbua. Ni kweli alijua. Lakini Bunda nzima haikujua, na Musoma haikujua, na ufunguo ule haukurudi shingoni mwake, na mimi nilipanda vyeo.

Mwongoza ratiba aliuliza mara ya pili kama kuna mwenye neno. Magoti yangu si ya kuinuka haraka, na nilikuwa natumaini ataendelea na ratiba yake. Nyangeta mwenyewe, binti wa marehemu, ambaye naye sasa ana mvi, akanishika kiwiko akidhani nataka kwenda msalani, akaniinua. Basi nikawa nimesimama. Nikasema jina langu ni Mugesi, nilikuwa karani Bunda, na habari mliyoisikia ina kosa moja. Nikasema marehemu hakulikwangua tufe. "Nililikwangua mimi. Yeye alilitengeneza, na alipoulizwa alisema ni yeye, nami nikanyamaza mpaka leo." Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kicheko hakikuja. Kuku walisikika. Nikataka kuongeza kwamba nilimpenda, nikakaa.

Tulimzika. Tukala. Watu walinipa mkono kwa upole ule wanaompa mfiwa, hata wasionijua. Baadaye Adelina akaja na fimbo yake, akavuta kiti karibu na changu, akakiweka kikapu kwenye mapaja yangu bila kuomba, na uzito wake niliujua kabla sijafungua. Klabu yao nayo ilikufa, akasema, na tufe limekuwa likikaa kwake Nyakato, chini ya meza, na kila mwaka wa ukame au wa mvua amelipitishia kijiwe, maana ndivyo alivyoagizwa. Nikamwuliza kwa nini basi amesimama mbele za watu akasema uongo, kama alikuwa anajua.

"Nilijua tangu siku ile tulipolichukua," akasema. "Aliniambia nisikutafute. Alisema, 'Yule mtoto atasema mwenyewe. Siku akisema, mpe kijiwe.' Sasa amekufa hujasema. Nikaona nikusaidie, mdogo wangu. Na mimi nazeeka."

Akafungua fundo la kanga, si ile ya zamani, na kukiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa chembamba zaidi kuliko nilivyokikumbuka. Nikalitoa tufe, jeusi, laini kila upande, nikalizungusha kutafuta matundu, na kati ya matundu mawili ya juu kidole changu kikakuta mkwaruzo, mzima, kama nilivyouacha. Nikamtazama Adelina. Akasema hapo walikatazwa wasipaguse, waliambiwa pana mwenyewe.

Nyangeta alikuwa anakusanya sahani. Nikamwuliza kama ndani kuna nta.